Kitenzi cha Kiingereza "get": maana yake imo katika kinachokifuata

Tuanze na sentensi sita fupi za Kiingereza, zote za mtu mmoja na zote za wakati uliopita. "She got a letter": alipata barua. "She got tired": alichoka. "She got home": alifika nyumbani. "She got caught": alikamatwa. "She got them to wait": aliwafanya wangoje. "She got up": aliamka. Katika Kiingereza kitenzi ni kimoja, "get", kikiwa katika umbo lake la wakati uliopita. Katika Kiswahili tumehitaji vitenzi sita, na kitenzi "pata", ambacho wengi wetu tulifundishwa kuwa ndicho tafsiri ya "get", kimejitokeza mara moja tu.

Hali hii inaweza kuelezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusema kwamba "get" ni neno lenye maana nyingi, na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kuzikariri: kupata, kuwa, kufika, kufanya, kuelewa, na kuendelea. Wanaisimu huita hali ya neno moja kubeba maana kadhaa zinazohusiana polisemia. Njia ya pili ni kusema kwamba "get" yenyewe ina maana ndogo sana, na kwamba sehemu kubwa ya maana huletwa na maneno yanayoifuata. Njia ya kwanza ndiyo iliyozoeleka darasani na katika kamusi ndogo. Makala haya yanaichunguza ya pili. Msomaji asiikubali mapema. Aione kwanza ikijaribiwa.

Watunga kamusi wa Kiingereza wenyewe wamehangaika sana na vitenzi vya aina hii. Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake mjini London mwaka 1755, alivitaja katika dibaji: "get", "give", "do", "put", "set", "go", "run", "make", "take" na vingine vichache. Alilalamika kwamba matumizi yake yametapakaa mno na ni vigumu kuyafuatia. Kitenzi "take" peke yake alikipa fasili 134. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na toleo lake la kwanza likakamilika mwaka 1928, ilikutana na tatizo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Wahariri wake wa karne hii walipokifanyia kazi upya kitenzi "run", walifikisha maana 645. Hata hivyo, hakuna Mwingereza anayetembea na orodha ya maana 645 kichwani. Mtoto wa Kiingereza hutumia "get" kwa usahihi kabla hajajua kusoma. Anachokijua mtoto huyo hakiwezi kuwa orodha.

Kuna ushahidi mwingine kwamba vitenzi hivi vina nguvu isiyo ya kawaida. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa mpango wa Kiingereza kilichopunguzwa, chenye maneno 850 tu, kwa ajili ya wageni. Katika maneno hayo vitenzi vilikuwa 18, na "get" ilikuwa miongoni mwake. Ogden aliona kwamba mtu mwenye "get" na maneno machache ya kuonyesha mwelekeo hahitaji kujifunza kwanza "arrive", "rise", "obtain", "receive", "escape" wala "recover". Mpango wenyewe haukuenea kama alivyotarajia, lakini jambo aliloliona kuhusu vitenzi vifupi lilikuwa sahihi.

Kabla ya kufika kwenye sarufi, tutazame asili ya neno. Wageni kutoka Skandinavia walianza kushambulia pwani ya Uingereza mwishoni mwa karne ya 8, na katika karne iliyofuata wengi wao walihamia na kufanya makazi kaskazini na mashariki mwa nchi hiyo. Katika lugha yao kulikuwa na kitenzi "geta", chenye maana ya kupata, kuzaa na pia kukisia. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi ndugu, lakini kilionekana hasa ndani ya maneno yenye kiambishi mwanzoni: "begietan", kupata, "forgietan", kusahau, "ongietan", kufahamu. Wenyeji na wageni walipoishi pamoja, umbo la wageni ndilo lililoshinda, na ndiyo sababu sauti ya mwanzo ni "g" ngumu. Maneno "beget" na "forget" ya Kiingereza cha leo ni mabaki ya ukoo huohuo. Mzizi wenyewe wa kale ulihusu kushika kwa mkono, na msomaji akumbuke kwamba tangu enzi hizo kushika kwa mkono na kushika kwa akili vilikuwa jirani.

Baadaye, mwaka 1066, Wanormani waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya mahakama na ya watawala. Kikaleta vitenzi ambavyo kila kimoja kilichukua kipande kimoja cha eneo la "get": "receive" kwa kupokea, "obtain" kwa kupata kwa juhudi, "arrive" kwa kufika. Lakini "get" haikufa. Ilibaki katika mazungumzo ya kila siku, na vitenzi vya Kifaransa na Kilatini vikashika maandishi rasmi. Ndiyo sababu mpaka leo barua ya ofisini itaandika "we received your letter" na ndugu akizungumza kwa simu atasema "I got your letter". Zote mbili ni sahihi. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba "get" ni Kiingereza kibaya anachanganya usahihi na mahali pa kutumia.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Tutapanga sentensi kwa kutazama ni aina gani ya neno linalokuja baada ya "get", kisha tuone kama mpangilio huo unatabiri maana.

Likifuata nomino, maana huwa ni kitu kuingia mikononi mwa mtu au katika milki yake. "Get a job": kupata kazi. "Get a letter": kupata au kupokea barua. "Get some bread": kununua au kuleta mkate. "Get the bus": kupanda basi. "Get the phone", simu inapoita: kuipokea. Kiswahili hubadili kitenzi kila mara kwa sababu sisi hutaja namna kitu kilivyofika, kama kililetwa, kilinunuliwa au kilipokelewa. Kiingereza hutaja tu kwamba kimefika, na namna humwachia msikilizaji aijue kutokana na kitu chenyewe, kwani kila mtu anajua mkate hupatikanaje na simu hufanywaje.

Katika kundi hili kuna jambo moja la kusimamia kidogo, nalo ni ugonjwa. Mwingereza husema "he got malaria", akimweka mgonjwa mahali pa mtenda, kana kwamba ndiye aliyeutwaa. Kiswahili kina njia ya kugeuza uso wa sentensi: amepatwa na malaria. Hapa ugonjwa ndio unaopata, na mtu ndiye anayepatwa. Hata jua likizibwa na mwezi tunasema limepatwa. Umbo la kutendwa linatuambia wazi nani alikuwa na uwezo na nani hakuwa nao. Siku hizi "nimepata malaria" husikika pia, na ni Kiswahili kinachoeleweka, lakini "kupatwa na" hubeba taarifa ambayo mpangilio wa Kiingereza hauna nafasi ya kuibeba.

Likifuata neno la sifa, yaani kivumishi, maana huwa ni mtu au kitu kuingia katika sifa hiyo. "Get tired", "get old", "get fat", "get angry", "get drunk". Kwa Kiswahili: choka, zeeka, nenepa, kasirika, lewa. Tuangalie vizuri safu hiyo ya pili. Haina kitenzi kisaidizi hata kimoja, kwa sababu wazo la kuingia katika hali limo ndani ya kitenzi chenyewe. "Zeeka" si kuwa mzee. Ni kuuingia uzee. Kiingereza kina kivumishi "old" kisichojua kusogea, kwa hiyo kinakodi "get" ya kukisogeza. Anayetafsiri "she got angry" kwa kusema "alipata hasira" anaeleweka, lakini "alikasirika" ndilo neno ambalo lugha ilikwisha kumwandalia. Na anayesema "alipata mzee" kwa "he got old" amesema jambo jingine kabisa.

Likifuata neno la mahali, maana huwa ni kufika au kuingia mahali hapo. "Get to Mombasa": kufika Mombasa. "Get home": kufika nyumbani. Hii haihitaji maelezo mengi.

Tusimame hapa tujaribu kitu. Chukua sentensi nne kati ya zile tulizoanza nazo, ondoa "get", weka mahali pake "be" au "have", yaani kuwa au kuwa na. "She got tired" inakuwa "she is tired". "She got home" inakuwa "she is home". "She got up" inakuwa "she is up". "She got a letter" inakuwa "she has a letter". Kila sentensi inabaki sahihi, na kila moja sasa inaeleza hali iliyotokana na ile ya kwanza. Kwanza alichoka, sasa amechoka. Kwanza alifika, sasa yuko. Kwanza alipata, sasa anayo. Hiyo ndiyo maana ya msingi tuliyokuwa tukiitafuta: "get" huonyesha kuingia, na "be" au "have" huonyesha kuwamo. Kinachoingiwa, kiwe milki, sifa au mahali, hutajwa na neno linalofuata.

Kipimo hiki kinatufaa tunapofika kwenye matumizi yanayowasumbua zaidi wanafunzi wetu, yaani "get" ikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi, lile la "caught", "broken", "stolen". Sarufi ya shule hufundisha kwamba kauli ya kutendwa hujengwa kwa "be": "the window was broken". Kisha mwanafunzi anasikia "the window got broken", na anaambiwa ni mtindo wa mitaani. Maelezo hayo hayatoshi. Sentensi ya kwanza ina utata: inaweza kueleza tukio, kwamba dirisha lilivunjwa, au hali, kwamba nilipofika nililikuta limevunjika. Sentensi ya pili haina utata huo. Kwa kuwa "get" ni kuingia katika hali, inaeleza tukio tu. Ndiyo maana Mwingereza husema "the house is surrounded by trees", nyumba imezungukwa na miti, wala haweki "gets" hapo, kwa kuwa hakuna kilichotokea. Miti ilikuwapo na ipo.

Tofauti ya pili inahusu mtu anayetajwa. Umbo la "get" hupendwa pale tukio linapomgusa mhusika kwa wema au kwa ubaya: "he got promoted", alipandishwa cheo, "he got fired", alifukuzwa kazi, "he got elected", alichaguliwa. Mara nyingi pia hudokeza kwamba mhusika mwenyewe alikuwa na mkono katika yaliyompata. Dokezo hilo linakuwa wazi kabisa likiongezwa neno la kujirejea: "he got himself arrested". Kutafsiri hapo kwa "alikamatwa" peke yake ni kuacha nusu ya habari. Kiswahili kizuri kingesema "alijiponza akakamatwa". Mwandishi wa habari anayetafsiri taarifa ya mahakama au ya polisi aipime tofauti hii, maana sentensi moja inamwacha mshtakiwa kuwa mtendwa tu na nyingine inamtwisha sehemu ya lawama.

Mfano wa ndoa uko katika kundi hili, nao ni mzuri kwa sababu safari hii ni Kiingereza kinachonyamaza. "He got married", "she got married", "they got married": zote tatu zina umbo moja. Kiswahili kina mtenda, mtendwa na watendana: alioa, aliolewa, walioana. Kiingereza kinaeleza kuingia katika ndoa bila kusema nani alimfanyia nani, na wako wanaokiona kuwa na haki zaidi kwa sababu hiyo. Asiyetaka kuchukua upande ana "alifunga ndoa", inayomfaa mwanamume na mwanamke.

Sasa tuongeze mtu wa pili. Hadi hapa aliyeingia katika hali alikuwa mtajwa wa kwanza wa sentensi. Je, ikiwa nomino inakuja kwanza baada ya "get", na hali ikafuata baada ya nomino hiyo? "I got the children ready": niliwaandaa watoto. Anayeingia katika hali sasa ni watoto, na mtajwa wa kwanza amekuwa msababishaji. Kanuni haijabadilika, kilichobadilika ni nani anaingia. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa mnyambuliko wa kutendesha, yaani kwa kuongeza kiambishi mwishoni mwa mzizi: lala, laza, soma, somesha, tengeneza, tengenezesha. "I got the car repaired" ni nilitengenezesha gari. Pale ambapo mnyambuliko hautoshi, hasa mtu anaposhawishiwa, tunatumia "fanya" au "shawishi": "I got him to agree", nilimshawishi akakubali. Katika mfano huo "get" hudokeza kwamba kulikuwa na ugumu fulani, kwamba yule hakukubali mara moja. "Make" ingedokeza nguvu, na "let" ingedokeza ruhusa. Mtafsiri anayeziweka zote tatu chini ya "fanya" anapoteza tofauti kati ya kushawishi, kulazimisha na kuruhusu.

Mpangilio huohuo una mtego. Linganisha "I got my car repaired" na "I got my wallet stolen". Kwa sura ni sentensi pacha: "get", nomino, umbo la tatu. Lakini mimi niliyetengenezesha gari nilitaka litengenezwe, na mimi niliyeibiwa pochi sikutaka. Kiingereza hakina alama ya kutofautisha, na kinategemea akili ya msikilizaji, anayejua kwamba watu hawaagizi kuibiwa. Kiswahili hakihitaji kutegemea hilo. Kiambishi kimoja humweka mtu upande wa msababishaji, "nilitengenezesha gari", na kingine upande wa mwathirika, "niliibiwa pochi". Wanaosema kwamba Kiswahili ni lugha isiyo na nyenzo za kueleza mambo kwa makini wangefanya vyema kuutazama mfano huu kwa utulivu.

Tunabaki na "have got". Mwanafunzi huona "I have got a book", husoma umbo la wakati timilifu, kisha huambiwa lina maana ya wakati uliopo: nina kitabu. Anaona hii ni kanuni inayojipinga. Lakini Mswahili ndiye mtu wa mwisho kushangazwa nayo, kwa sababu sisi tunafanya hivyo kutwa. "Amelala" ina kiambishi "me" cha timilifu, na maana yake ni kwamba yuko usingizini sasa. "Amesimama", "amevaa kanzu", "nimeshiba": tendo limekamilika, na hali iliyotokana nalo ipo mbele yetu. "I have got a book" ilijengwa hivyohivyo. Nimekipata, kwa hiyo ninacho. Kwa muda, hatua ya kupata ilisahauliwa na umiliki ukabaki. Kutoka hapo hatua moja zaidi ikatoa wajibu: "I have got to go", ninalo la kufanya, nalo ni kwenda, lazima niende.

Wamarekani walihifadhi tofauti ambayo Waingereza wengi waliiacha. Umbo la zamani "gotten", linaloonekana katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, lilififia Uingereza likabaki ng'ambo ya Atlantiki. Mmarekani akisema "I've got a car", analo. Akisema "I've gotten a car", amelipata, yaani anataja tukio la kulipata. Si kosa la Kimarekani kama baadhi ya walimu wetu wanavyodai. Ni umbo la kale linaloendelea kufanya kazi yenye manufaa. Waingereza wenyewe bado wanalo ndani ya "forgotten".

Kuhusu vitenzi vyenye maneno ya mwelekeo, kama "get up", "get over" na "get through", nitasema machache, kwa sababu kanuni imekwisha kueleweka. Neno la mwelekeo hutaja mahali panapoingiwa au kizuizi kinachovukwa. "Get over the wall" ni kuuvuka ukuta. "Get over an illness" ni kupona, ugonjwa ukichukuliwa kuwa kizuizi kilichovukwa. "Get through the door" ni kupita mlangoni. "Get through an exam" ni kufaulu mtihani. Hata tofauti ya "get in the car" na "get on the bus", ambayo Kiswahili huikusanya katika "panda gari" na "panda basi", inafuata mantiki: "on" hutumika kwa chombo ambacho abiria anaweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni, meli au ndege. Yapo machache yasiyofuata njia hii. "Get away with", kufanya kosa bila kuadhibiwa, na "get at", kwa maana ya kumsakama mtu, hayatabiriki vizuri kutokana na sehemu zake. Hayo ni ya kukariri, na tuyataje hivyo kwa uaminifu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini basi "pata" ilichaguliwa kuwa tafsiri ya kwanza ya "get". Haikuchaguliwa bila sababu. Vitenzi hivi viwili vimepita baadhi ya njia zilezile bila kuonana. Mwingereza anauliza "do you get me?" na sisi tunauliza "umenipata?", wote tukimaanisha kuelewa. Yeye anasema "I got to see the President" na sisi "nilipata kumwona Rais", wote tukimaanisha kubahatika. Yeye anasema watu wawili "get along" na sisi tumekitoa kitenzi "patana" katika mzizi uleule. Lakini "pata" ina njia zake pia: kisu kikali tunasema kinapata, na saa isiyokosea tunasema inapata majira, na hapo "get" haimo kabisa. Maeneo yao yanapishana kwa sehemu tu, na kupishana kwa sehemu humdanganya mwanafunzi kuliko kutofautiana kabisa.

Kwa kweli, kama tunatafuta kitenzi cha Kiswahili kinachofanya kazi kwa namna inayofanana na "get", kilicho karibu zaidi ni "piga". Mgeni huambiwa "piga" ni kuchapa au kugonga. Kisha anasikia piga simu, piga pasi, piga picha, piga kura, piga deki, piga magoti. Hakuna Mswahili aliyejifunza "piga" kwa orodha. Tulijifunza kutazama nomino inayofuata, na nomino ndiyo iliyotuambia tendo ni lipi. Msomaji wa Kiswahili anao tayari uwezo unaohitajika kuelewa "get". Hajaambiwa tu kwamba autumie.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Njia ya kukariri orodha ya maana ni dhaifu, na inamchosha mwanafunzi bila sababu. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na mtoto akifika kidato cha kwanza anatakiwa kusoma fizikia na masomo mengine mengi kwa Kiingereza. Atakutana na "get" siku ya kwanza, si katika kitabu cha fizikia, ambacho huandikwa kwa vitenzi vya Kilatini, bali katika maneno ya mwalimu mwenyewe: "get your books", "get ready", "get into groups". Akiwa na tafsiri moja kichwani, "pata", amri ya kwanza ataielewa nusu, ya pili ataikisia, ya tatu itampita.

Ninawaomba walimu wa Kiingereza wabadili kile wanachokiandika ubaoni. Badala ya "get" na alama ya sawasawa na "pata", waandike mipangilio: "get" na nomino, "get" na kivumishi, "get" na mahali, "get" na umbo la tatu, "get" na nomino kisha hali. Chini ya kila mpangilio waweke sentensi mbili za Kiingereza na tafsiri zake kamili, na mwanafunzi ajaribu mwenyewe kuweka "be" au "have" aone hali inayotokea. Na watunga kamusi za Kiingereza na Kiswahili, watakapokipitia tena kidahizo hiki, wakipange kwa kinachokifuata, si kwa idadi ya maana.